Harufu ya Petroli Ndani ya Gari: Anza kwa Kuuliza Inatokea Lini

Mwenye gari anapomweleza fundi kwamba gari lake linanuka petroli, swali analoulizwa mara nyingi ni kama harufu inatoka mbele, nyuma au chini. Ni swali la haki, lakini kwa niliyoyaona silo linalostahili kutangulia. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo hauruki juu ukapotea. Hutambaa, hufuata sakafu ya gari, hupenya kwenye matundu ya nyaya na kujikusanya mahali ambapo pengine pako mbali na pale ulipotokea. Pua inaweza kukupeleka kwenye siti ya nyuma ilhali mpira uliopasuka uko juu ya gurudumu. Swali linalofupisha kazi ni la wakati: harufu hutokea lini, huongezeka lini, na hutoweka lini?

Nayaandika haya kwa sababu gari la familia yetu hapa Dar es Salaam, gari dogo la petroli lililotumika Japani kabla ya kuletwa nchini, lilitusumbua kwa harufu hiyo kwa muda mrefu, na kwa sababu nimewasikia watu wengi wakiizungumzia kana kwamba ni kero ya kawaida ya magari ya umri mkubwa. Si kero. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika nyuzi joto 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la Dar es Salaam la mwezi wa Februari. Hewa ikiwa na mvuke huo kwa kiasi cha takriban asilimia 1.4 hadi 7.6, cheche moja ya swichi inatosha. Ni kweli kwamba pua ya binadamu huitambua petroli mapema sana, katika kiasi kilicho chini mno ya hicho, na kwa hiyo kuisikia harufu hakumaanishi kwamba gari litalipuka dakika hiyo. Kunamaanisha kwamba mafuta yamepata njia ya kutoka, na njia hiyo haizibiki yenyewe. Isitoshe, petroli ina benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu kwa anayeivuta kwa muda mrefu, na watoto wanaofungiwa vioo kwenye foleni ya asubuhi huivuta pamoja nasi.

Kuna jambo moja kuhusu pua ambalo ni lazima lijulikane kabla ya kuanza uchunguzi wowote. Pua huzoea. Mtu akikaa ndani ya harufu kwa dakika chache, huacha kuisikia, akadhani imekwisha. Dereva wa kila siku ndiye shahidi dhaifu kuliko wote. Abiria anayeingia garini akitoka kwenye hewa safi ndiye wa kuaminiwa. Katika nyumba yetu wa kwanza kulalamika walikuwa watoto, wakisema wanaumwa kichwa, nasi tukadhani ni usingizi wa asubuhi.

Gereji ya kwanza tuliyokwenda ilibadilisha mfuniko wa tangi. Sikatai kwamba lilikuwa wazo zuri, kwa kuwa mpira wa mfuniko hukakamaa na kupasuka, na bei yake si kubwa. Harufu ikabaki. Gereji ya pili ilipendekeza tununue pampu nzima ya mafuta, bila kuwa imefungua chochote. Hapo ndipo tulipoelekezwa kwa fundi mmoja mzee wa maeneo ya Ilala, ambaye hakugusa spana mpaka alipouliza: “Mwanangu, harufu hii huja tangi likiwa limejaa au likiwa tupu?” Mimi sikuwa na jibu. Mke wangu, ambaye ndiye huwapeleka watoto shule, alikuwa nalo: harufu huwa kali asubuhi inayofuata siku ya kujaza mafuta, hupungua kadiri mshale unavyoshuka, na mshale ukifika nusu hutoweka kabisa. Mzee alitikisa kichwa akasema, “Basi tumeshafika nusu ya kazi.”

Hakuwa akitutia moyo tu. Tangi la gari la petroli halivuji kwa namna ile ile katika viwango vyote. Likiwa limetoboka chini, litadondosha daima, na doa litaonekana sakafuni. Likiwa na kasoro sehemu ya juu, mahali pampu inapoingilia, mahali mabomba yanapochomekwa, au mahali shingo ya kujazia inapoungana nalo, mafuta huifikia kasoro hiyo yanapokuwa juu tu, au yanaporushwa huko gari linapokata kona na kupanda mlima. Mafuta yakishuka, kinachobaki kwenye tundu ni mvuke mchache ambao hewa ya safarini huufagia. Kwa hiyo harufu inayofuata ujazo wa tangi inaelekeza juu ya tangi, na katika magari mengi madogo juu ya tangi ni chini ya siti ya nyuma.

Harufu zenye nyakati nyingine huelekeza kwingine. Ikitokea asubuhi injini ikiwa baridi, ikasikika zaidi upande wa boneti, kisha ikapotea baada ya injini kupata moto, ninaanza kuzishuku oringi za nozeli, yaani pete za mpira kwenye vifaa vinavyopulizia injini petroli. Mipira hiyo midogo huzuia mafuta yenye mgandamizo wa baa 3 hivi, yaani kama mara tatu ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, na baada ya miaka mingi ya joto hukakamaa. Asubuhi ikiwa imesinyaa hupitisha, na injini ikipata moto hutanuka na kuziba tena. Huu ndio uvujaji ninaouogopa kuliko wote, kwa sababu unadondokea kwenye chuma cha moto na karibu na nyaya za umeme. Ikiwa harufu hutokea baada ya kuzima gari lililotoka safari ndefu, joto la injini linalobaki ndilo linalochemsha mafuta yaliyovuja kidogo mahali fulani, au mfumo wa kunasa mvuke umeshindwa kazi yake. Ikiwa husikika gari likiwa mwendoni na kioo cha nyuma kikiwa wazi, basi huenda si mafuta yanayovuja bali ni moshi wa ekzosi unaovutwa ndani, kwani nyuma ya gari linalokwenda kasi hewa huzunguka na kurudi.

Kipimo kingine kisichogharimu kitu ni ile swichi ya kuchagua hewa ya nje au hewa ya ndani. Hewa ya nje huingilia chini ya kioo cha mbele, jirani kabisa na boneti. Ukiifunga, harufu ikapungua, chanzo kiko upande wa injini. Ukiifunga, harufu ikabaki au ikazidi, chanzo kiko ndani au nyuma. Kipimo hiki hufanyika gari likiwa limesimama mahali pa wazi, milango ikiwa imefungwa, na mtu wa pili akiingia baada ya dakika chache ili pua yake iwe ndiyo hakimu.

Wengi huuliza kwa nini wasiipeleke kazi hii moja kwa moja kwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ipelekeni, haina madhara. Gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 hupima lenyewe kama mfumo wa mvuke umefungika, na likikuta tundu dogo huandika namba ya kosa P0442, likikuta kubwa huandika P0455. Lakini magari mengi tunayoyaendesha Afrika Mashariki yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani, na mengi kati ya hayo hayakuwekewa kipimo hicho. Gari letu lilinuka hata mtoto wa miaka mitano akajua, na taa ya injini haikuwaka hata mara moja. Taa kutowaka isichukuliwe kuwa cheti cha usalama.

Sasa nieleze namna kazi ilivyofanyika, kwa kuwa hatari kubwa ya tatizo hili imo katika marekebisho yenyewe. Mzee alitaka tangi liwe chini ya robo, kwa hiyo tulirudi siku mafuta yalipopungua. Gari liliwekwa nje kabisa ya banda. Gereji ile ina shimo la kuingia chini ya magari, naye alikataa katakata kulitumia, akieleza kwamba mvuke mzito hushuka shimoni na kulala humo, na mtu aliyemo hana pa kukimbilia. Upande wa pili wa uzio alikuwapo mama lishe mwenye jiko la mkaa, na jirani yake kijana akichomelea geti. Mzee alikwenda kwa wote wawili kwa adabu, akaomba kijana asimame kidogo na jiko lisogezwe upande upepo unakotoka, ili mvuke usipeperushwe kulielekea. Mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu uliwekwa karibu. Waya hasi wa betri ulitolewa, milango yote ikafunguliwa, na kila aliyesogea alitakiwa kwanza aguse chuma cha bodi mbali na tangi ili umeme tuli wa nguo umwishe. Nimeshuhudia gereji ambamo pampu hutolewa huku taa ya balbu ya kioo ikining'inia juu yake na sigara ikiwa mkononi. Hakuna uharaka wa mteja unaostahili hatari hiyo.

Sehemu ya kukalia ya siti ya nyuma hutoka kwa kuvutwa juu kwa nguvu kwenye klipu mbili za mbele. Chini ya zulia kuna kifuniko cha bati kilichogandishwa kwa lami nyeusi inayonata. Mzee alikinyanyua polepole, kisha akatukataza kugusa chochote mpaka tutazame vumbi. Vumbi la miaka lilikuwa limekaa kavu juu ya tangi lote isipokuwa upande mmoja wa kifuniko cha pampu, ambako lilikuwa jeusi, lenye unyevu, limeshikamana kama tope. Huo ndio ushahidi, na mtu mwenye pupa ya kusafisha angeufuta kabla ya kuusoma. Alipokwisha kuonyesha, alisafisha kwa brashi na kitambaa ili mchanga usidondokee ndani ya tangi, maana mchanga ukiingia huko huisumbua pampu, iwe mpya au ya zamani.

Pembezoni mwa kifuniko, chini ya vumbi, palikuwa na utepe mwekundu wa silikoni. Mtu fulani kabla yetu alikwisha kuifungua pampu, akaona mpira umechoka, na badala ya kununua mpira akazungushia silikoni ya tyubu. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu naamini desturi hii ndiyo inayofanya magari mengi yaendelee kunuka baada ya kulipiwa matengenezo. Silikoni ya kawaida ya kuzibia, ile ambayo hufanya kazi nzuri kwenye sampu ya oili, haivumilii petroli. Huinyonya, huvimba, hulainika, kisha hubanduka. Katika wiki za mwanzo harufu huisha kweli, mteja hushukuru, fundi hupata sifa. Baadaye utepe huachia na uvujaji hurudi ukiwa mkubwa kuliko awali, na vipande vyake vikidondokea ndani huziba chujio la pampu. Tuliupata utepe ule ukiwa umenyanyuka upande ule ule uliokuwa na unyevu. Hakuna silikoni inayostahili kukaa kwenye mpira wa pampu ya mafuta. Pakitakiwa mpira, uwekwe mpira.

Na mpira nao una aina zake. Mpira wa naitraili huistahimili petroli, na ule wa fluoro, ambao mara nyingi huwa wa rangi ya kahawia au kijani ingawa rangi peke yake si ya kutegemewa, huistahimili zaidi pamoja na joto. Mpira wa aina ya EPDM, unaotumika sana kwenye mipira ya rejeta, huvimba na kuharibika ukikutana na petroli. Kwa sababu hiyo kipande cha mpira wa maji kilichokatwa na kuvalishwa kwenye njia ya mafuta ni uvujaji uliocheleweshwa tu. Mpira wa mafuta huandikwa ubavuni alama ya kiwango cha SAE, chama cha wahandisi wa magari: SAE J30R9 ni wa mifumo yenye nozeli na mgandamizo mkubwa, J30R7 ni wa mgandamizo mdogo kama njia za kurudisha na za mvuke, na kama kipande kitazama ndani ya tangi kinatakiwa kiwe J30R10, kwani mipira mingine imetengenezwa kukutana na petroli kwa ndani tu, si kuoga ndani yake. Duka likishindwa kukuonyesha maandishi hayo, nenda duka la pili. Kariakoo na Ilala hazikosi maduka.

Pete ya plastiki inayobana pampu hulegezwa kwa kifaa chake, au kwa kipande cha mbao kinachogongwa taratibu kwa kuzunguka. Tindo na nyundo ya chuma huipasua, na pia hutoa cheche. Pampu ikishatoka, mpira wa zamani hauwezi kurudishwa hata ukionekana mzima, kwa sababu umekwisha kuvimba kwa mafuta na hautakaa tena kwenye mfereji wake. Ukiulazimisha utajikunja mahali fulani na hapo ndipo patakapovuja. Mzee alivuta pampu kwa uangalifu ili asipinde mkono wa boya la geji, akakagua mabomba mawili ya plastiki yanayotoka kwenye kifuniko kuona kama yana nyufa, akaridhika, akaweka mpira mpya mkavu kwenye mfereji uliosafishwa, akaibana pete mpaka alama zake zikalingana. Mpira ule ulikuwa wa bei ndogo mno ukilinganisha na pampu tuliyokuwa tumeshauriwa kuinunua.

Harufu ilipungua sana. Haikuisha. Tulipojaza tena, asubuhi yake palikuwa na alama ndogo ya petroli, safari hii ikisikika zaidi nje, upande wa mfuniko wa kujazia. Sikuona ajabu, mipira ya gari moja huzeeka pamoja, na kukuta wa pili umechoka baada ya kubadilisha wa kwanza ni jambo la kutarajiwa. Shingo ya kujazia huungana na tangi kwa mpira mnene, na pembeni yake hupita mpira mwembamba unaorudisha hewa ili mafuta yaingie bila kububujika. Yote miwili imejificha nyuma ya plastiki ya ndani ya gurudumu la nyuma, mahali ambapo tope la mvua hurushwa kila siku. Plastiki ilipotolewa, mpira mwembamba ulikuwa na nyufa nyingi kwenye kona, na ulipopindwa kidogo nyufa zilifunguka. Ulibadilishwa, pamoja na klempu zake, kwa zile zenye kingo zilizoviringwa ambazo haziukati mpira. Shingo yenyewe ilikuwa na kutu ya juu tu. Ingekuwa imetoboka, kama inavyotokea kwa magari ya pwani yanayokula chumvi, ingebidi nayo itoke.

Kwa uvujaji mdogo namna hii, mzee alikuwa na njia ambayo nimeipenda: tishu nyeupe kavu, kipande kimoja kwa kila kiungo, kifutwe mahali hapo kisha kinuswe mbali na gari. Kipande kinachonuka kinataja kiungo chake. Gereji zenye uwezo hutumia mashine ya moshi, ambayo hupuliza moshi mwepesi kwa mgandamizo mdogo sana ndani ya mfumo, na moshi hujitokeza palipotoboka. Kinachotakiwa kuepukwa ni upepo wa kompresa kupulizwa ndani ya tangi. Tangi halikutengenezwa kubeba mgandamizo huo, na upepo huo huchanganya mvuke na hewa hadi kufikia kile kiwango kinachowaka.

Nimegusia mfumo wa kunasa mvuke, na unastahili maelezo kwa sababu sisi wenyewe huuharibu pale kituoni. Tangi halipumui moja kwa moja hewani. Mvuke wake hupelekwa kwenye kopo lenye mkaa maalumu, ambao gramu yake moja ina vijitundu vyenye eneo la mamia ya mita za mraba, na humo hunaswa mpaka injini ipate moto. Kisha vali ndogo hufunguka, injini huuvuta na kuuchoma. California ilidai mfumo huu kwenye magari mapya ya mwaka 1970, na Marekani nzima mwaka 1971, kwa ajili ya kupunguza moshi wa mijini. Mkaa huo umekusudiwa mvuke. Ukilowa petroli ya maji hushiba, na baada ya hapo kopo lenyewe hugeuka kuwa chanzo cha harufu.

Hulowa vipi? Bunduki ya kujazia ina kijitundu karibu na ncha, na mafuta yakikifikia hujikata yenyewe kwa mlio. Huo ndio mwisho wa kujaza. Lakini kwetu muuzaji huendelea kubonyeza kidogo kidogo ili shilingi zifike elfu kamili, au mteja mwenyewe huomba tangi lijazwe mpaka mafuta yaonekane shingoni. Ile nafasi iliyoachwa juu ina kazi yake. Petroli inayotoka kwenye tangi la ardhini ni ya baridi kuliko itakavyokuwa gari likianikwa juani, na lita 50 zikipata joto la nyuzi 10 zaidi huongezeka kwa takriban nusu lita. Nusu lita hiyo ikikosa pa kukaa, itapita njia ya mvuke hadi kwenye mkaa. Siku hizi bunduki ikijikata tunamwambia kijana wa kituo, “Ahsante ndugu, acha hapo hapo,” na tunalipa kiasi kilichoonyeshwa hata kama kina mia zisizo kamili.

Vali ya kopo nayo hufa, mara nyingi ikiwa imebaki wazi. Dalili yake ni gari linaloanza kusumbua kuwaka mara tu baada ya kujazwa mafuta, kisha likatulia. Ikitolewa na kupulizwa kwa upepo hafifu bila kuunganishwa umeme, haitakiwi kupitisha hewa, ikipitisha, ibadilishwe.

Kuhusu harufu ya ekzosi nitasema kwa kifupi, ingawa huwapoteza wengi. Injini ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Plagi ikichoka, koili ikikata, sensa ya joto la maji ikidanganya, au nozeli ikibaki inadondosha, sehemu ya mafuta hutoka bila kuungua. Ncha ya ekzosi huwa na masizi meusi makavu, ulaji wa mafuta hupanda, na kijiti cha oili huweza kunuka petroli kwa sababu mafuta yasiyoungua yameteremka kwenye oili. Na gari lililong'olewa masega yake, yaani kile kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi, yakauzwa, litanuka petroli nyuma hata likiwa halina ugonjwa mwingine, kwani masega ndiyo huchoma mabaki. Ukiongeza mpira wa mlango wa buti uliochakaa, harufu yote hiyo huingia ndani, na mwenye gari atafungua tangi bure. Magari ya dizeli ni habari nyingine: dizeli haikauki upesi, huacha unyevu wa mafuta unaoonekana kwa macho, na vijimpira vya kurudisha mafuta juu ya nozeli ndivyo vya kutazamwa kwanza.

Kuna hali ambazo sizipimi kwa siku wala kwa saa. Tone la petroli likionekana chini ya gari au kwenye injini, au harufu ikiwa kali injini ikiunguruma, gari lisiwashwe tena. Lisukumwe kwa mikono hadi mahali pa wazi, betri ikatwe ikiwa hakuna harufu karibu nayo, na fundi aje lilipo. Gari lenye mfumo wa kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda lina mgandamizo wa makumi hadi mamia ya baa katika bomba la mbele, kiasi cha kupenya ngozi ya mtu. Hilo si la kulegeza nati barabarani.

Baada ya matengenezo tuliupima uponyaji wetu kwa masharti yale yale yaliyouzaa ugonjwa: tangi limejazwa mpaka bunduki ikajikata, gari limelala usiku kwenye mteremko na vioo vimefungwa, na asubuhi akaingia jirani ambaye hajawahi kulipanda. Hakusikia petroli. Alisikia kitu kama mafuta ya zamani, na hilo lilitokana na zulia lililokuwa limenyonya mvuke kwa muda mrefu. Zulia na sponji ya siti vilitolewa vikaanikwa juani, milango ikaachwa wazi mchana kutwa mahali pasipo moto, kisha tukanyunyizia magadi ya kuokea na kuyafyonza kesho yake. Manukato ya kuning'iniza kwenye kioo tuliyaondoa yote, kwa kuwa yangeificha harufu kama uvujaji ungerudi. Hayatarudishwa mpaka tangi liwe limejazwa na kutumika mara kadhaa bila watoto kulalamika.